Gari Likibadilishwa Kimo, Magurudumu Nayo Yapimwe

Yeyote atakayesimama kwa muda wa saa moja kando ya barabara kuu katika mji wa Meru au wa Embu ataona ya kwamba magari mengi yapitayo yameacha umbile walilopewa kiwandani, nayo yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la magari ya vijana. Haya yameshushwa hata tumbo likakaribia kulamba lami, na kila yafikapo penye tuta hulazimika kulivuka kwa ubavu kama kaa. Kundi la pili ni la magari ya kazi, hasa Probox na pikapu za mizigo. Haya yameinuliwa nyuma mithili ya panzi aliyejiweka tayari kuruka, ili yakibebeshwa gunia juu ya gunia yasikae chini. Wenye kundi la kwanza huwadharau wa kundi la pili, na wa kundi la pili huwacheka wa kundi la kwanza. Lakini ukiinama na kuyatazama magurudumu yao ya mbele, utagundua ya kwamba wote wanaugua ugonjwa mmoja: matairi yameliwa upande mmoja na kubaki mapya upande wa pili.

Jambo hili si dogo, wala si la mafundi peke yao. Ni jambo la mfuko wa mwenye gari, la kibarua cha dereva, na la roho za abiria ambao hawakuulizwa kitu wakati springi zilipokuwa zikikatwa. Ndiyo maana naona yafaa tulizungumze wazi katika ukurasa huu, bila ya kumtukana kijana apendaye gari lake wala mfanyabiashara atafutaye riziki.

Kwanza tuelewane juu ya kile kinachotokea. Gurudumu la gari halikupachikwa tu kama gurudumu la mkokoteni. Limeshikwa na mikono ya chuma inayopanda na kushuka pamoja na springi, na limeunganishwa na usukani kwa fimbo ambayo mafundi wetu huiita tairodi. Watengenezaji walikaa na kukokotoa kimo ambacho mikono hiyo itakuwa imelala inavyotakiwa, na katika kimo hicho ndipo wakapanga pembe tatu za gurudumu. Pembe ya kwanza ni mwelekeo, yaani kama magurudumu mawili ya mbele yanatazama mbele sawasawa, au yanatazamana kama miguu ya njiwa, au yametawanyika kama miguu ya bata. Ya pili ni mwinamo, yaani kama kichwa cha gurudumu kimelalia ndani kuelekea injini au kimelalia nje kuelekea barabarani. Ya tatu ni mwegamo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka likigeuzwa na usukani. Mwegamo huo ndio ulifanyao gari lishike njia na usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona.

Basi ukilishusha gari kwa inchi mbili, mikono ile hubadili mlalo wake. Tairodi nayo hubadili mlalo, lakini kwa kuwa ina urefu wake na kitovu chake, haizunguki katika duara lile lile la mkono unaolishika gurudumu. Matokeo yake ni kwamba fimbo hulisukuma au hulivuta gurudumu, nalo likaacha mwelekeo wake hata kama dereva hakuugusa usukani. Wakati huo huo, katika magari mengi madogo yanayotoka Japani, kichwa cha gurudumu hulalia ndani zaidi, na uzito ukahamia ukingo wa ndani wa tairi. Ukiliinua gari badala ya kulishusha, mambo haya haya hutokea kwa kinyume. Kwa hiyo asiseme aliyeinua ya kwamba maneno haya yanamhusu aliyeshusha peke yake.

Kati ya pembe hizo, ile ilayo tairi upesi kuliko zote ni ya mwelekeo. Watu wengi hawaamini, kwa sababu kosa la mwelekeo ni dogo hata jicho haliwezi kuliona. Tuchukue mfano wa nyumbani. Gurudumu ambalo limepinda kwa nusu ya digrii moja tu hutaka kwenda upande mmoja wakati gari linakwenda mbele, na kwa kuwa gari haliliruhusu, hukokotwa ubavu. Kwa kila kilomita moja litakokotwa ubavu kwa kiasi cha mita 8.7. Kutoka Meru hadi Embu, kwa kupitia Nkubu na Chuka, ni mwendo wa kilomita zipatazo 130. Piga hesabu, utaona ya kwamba katika safari hiyo moja tairi lile limeburutwa ubavu juu ya lami kwa zaidi ya kilomita moja nzima. Je, iwapo mtu angekuomba ulifunge tairi lako jipya kwa kamba na kuliburuta kilomita moja barabarani, ungekubali? Bila shaka ungemwona mwendawazimu. Lakini ndivyo wafanyavyo wengi wetu kila siku, kwenda na kurudi, kisha wakamlaumu Mchina aliyetengeneza tairi.

Tairi halisemi uongo. Ni shahidi ambaye hahitaji kuapishwa, mradi awepo mtu wa kuusoma ushahidi wake. Tairi lililoliwa katikati linasema ya kwamba limejazwa upepo kupita kiasi. Lililoliwa kingo zote mbili linasema ya kwamba upepo ulikuwa haba au mzigo ulizidi. Lililoliwa ukingo mmoja linashitaki mwinamo au mwelekeo. Ukilipapasa kwa kiganja, ukaona ya kwamba ukienda upande huu ni laini na ukirudi upande ule linakwaruza kama msumeno, hilo linashitaki mwelekeo bila ya shaka. Na lile lenye mashimo mashimo kama uso wa aliyewahi kuugua ndui linasema ya kwamba shokamzoba zimekufa au gurudumu halikusawazishwa uzito. Dereva ajuaye kusoma maandishi haya hatadanganywa na muuza tairi wala na fundi.

Ubaya mkubwa wa gari lililoshushwa ni kwamba tairi lake huliwa ukingo wa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama kando ya gari haoni. Mwenyewe huzunguka gari lake asubuhi, akalipiga tairi teke kama desturi ilivyo, akaona kashata za nje zimesimama kama za dukani, naye akaondoka akiwa na moyo mtulivu. Kumbe upande wa ndani waya zimekwisha chungulia. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata cha kiasi cha milimita 8 hivi. Katika nchi za Ulaya sheria hairuhusu kina hicho kishuke chini ya milimita 1.6, na hilo lina sababu: kashata ndizo zinazoyafukuza maji chini ya tairi wakati wa mvua. Sisi tunaoishi katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya tunajua mvua ni nini. Masika yetu ya Machi hadi Mei na vuli yetu ya Oktoba hadi Desemba huigeuza barabara kuwa mto, na tairi lisilo na kashata upande wa ndani huelea juu ya maji hayo.

Na barabara yetu si ya mchezo. Kutoka Embu hadi Meru inakata mabonde ya mito itokayo mlimani, mmoja baada ya mwingine, Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila bonde lina mteremko wake, daraja lake na mpando wake. Gari likiteremka huku dereva akikanyaga breki, uzito wote hulalia magurudumu ya mbele na pua huzama. Gari lililoshushwa ambalo springi zake zimekatwa halina tena nafasi ya kuzama, hivyo hupiga chini na kurukaruka. Lililo na mwelekeo mbovu huvutwa upande mmoja wakati ule ule dereva anapohitaji liende wima. Hakuna mkazi wa eneo hili asiyelijua daraja la Nithi na historia yake ya maafa. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde hilo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi ya kwamba msiba ule uliletwa na magurudumu. Yaliyozungumzwa sana wakati ule yalikuwa breki. Nasema tu ya kwamba mahali kama pale pana kisasi kwa kila kasoro iliyofichwa chini ya gari, iwe ya breki, ya tairi au ya usukani, na hapampi dereva nafasi ya pili ya kuitafuta.

Sasa tuwasikilize wenye magari, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kumpa nafasi ya kujitetea.

Mfanyabiashara wa miraa atasema hivi: “Mimi sikuinua gari kwa urembo.” Naye atakuwa amesema kweli. Miraa ni jani lisilongoja. Likikatwa Igembe asubuhi, nguvu yake huanza kupungua saa hiyo hiyo, na baada ya siku mbili hivi thamani yake imekwisha. Kwa hiyo tangu enzi za Peugeot na Hilux, mzigo wa Maua umekuwa ukikimbizwa hadi Nairobi ili uwahi soko na ndege. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga mlango wake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wakulima waliumia sana, lakini haraka haikupungua, kwani ni ya jani lenyewe. Toyota Probox, ambayo ilianza kuundwa mwaka 2002 kwa ajili ya mizigo midogo ya maduka na ofisi za Japani, hapa kwetu imepewa kazi ya lori. Mwenye gari huongeza springi na vipande vya kuinulia ili isilale. Asipofanya hivyo, tumbo litagusa, na njia za mashambani zitalivunja gari kabla halijafika lami.

Hoja hiyo naikubali, lakini haijibu swali langu. Gari hilo likiinuliwa nyuma peke yake, pua huinama, na ule mwegamo wa magurudumu ya mbele hupungua. Usukani huwa mwepesi, husahau kurudi katikati, na gari huanza kutangatanga katika mwendo wa kasi. Kisha likipakiwa hadi paa, nyuma hushuka, pua hunyanyuka, uzito wa mbele hupungua, taa huwapiga usoni wale wanaokuja, na magurudumu ya mbele hushika barabara kwa ncha tu. Gari hilo moja linakwenda Nairobi likiwa na tabia hii na kurudi tupu likiwa na tabia ile. Je, si dhahiri ya kwamba gari kama hilo ndilo linalohitaji kupimwa mara nyingi zaidi kuliko gari la mwalimu liendalo shuleni na kanisani? Yule ambaye kazi yake ni kukimbia ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuvitazama viatu vyake.

Kijana mwenye gari lililoshushwa naye ana hoja yake. Atasema ya kwamba gari lililo chini hushika kona vizuri zaidi, na ya kwamba hata magari ya mashindano hushushwa. Hapo pana ukweli nusu. Ni kweli ya kwamba gari ambalo kitovu cha uzito wake kimeshuka hulala kidogo katika kona. Lakini magari ya mashindano hushushwa kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na shokamzoba zilizolinganishwa nazo, kisha kila pembe ikapimwa upya, na kupimwa tena baada ya kila safari. Isitoshe, magari ya mashindano ambayo vijana wetu walikua wakisikia habari zake, yale ya Safari Rally, hayakushushwa, bali yaliinuliwa na kuimarishwa kwa sababu ya barabara zetu. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza mashindano hayo kwa gari dogo la Subaru Vivio. Gari lile halikufika mwisho kwa mlio wa ekzosi, bali kwa kazi ya mafundi walioingia chini yake kila lilipopumzika. Vijana wetu wameiga mlio, wakaiacha kazi.

Tena yafaa tuseme wazi jinsi kazi hii ya kushusha inavyofanywa katika baadhi ya gereji zetu. Springi hukatwa duara moja au mawili kwa msumeno, au huchomwa kwa moto wa gesi hadi ikanywea. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa kipimo maalumu ili kiwe kigumu na chenye kurudi. Ukikichoma ovyo unakiua, nacho hakifufuki. Springi iliyokatwa nayo inaweza kulegea katika kikombe chake gurudumu likining'inia, na kuhama mahali pake. Aliyefanya hivyo hakushusha gari, amelivunja mguu akauita mtindo. Wala hakuna kipimo cha magurudumu kitakachomwokoa, kwa maana pembe huwekwa juu ya springi iliyotulia, na springi iliyouawa haitulii.

Iko pia hoja ya tatu, na hii ni ya watu wote: “Lawama ni ya barabara. Serikali itengeneze barabara kwanza.” Mimi ni wa kwanza kukubali ya kwamba mashimo hupinda tairodi na kuzipasua bushi, na kwamba matuta yasiyo na alama huwavunjia watu magari. Lakini hoja hii inawageukia wenyewe wanaoitoa. Ikiwa barabara mbovu huharibu mwelekeo wa magurudumu, basi sababu ya kuyapima ni kubwa zaidi hapa kuliko London au Tokyo, wala si ndogo. Mtu aishiye penye mbu wengi hasemi ya kwamba hatalala ndani ya chandarua mpaka serikali iwaue mbu wote.

Mwisho itakuja hoja ya fedha, na hii ndiyo inayozishinda zote. Kupima na kurekebisha magurudumu, kazi ambayo gereji huiita alainimenti, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya tairi moja. Lakini kwa kuwa fedha za kupimia hutoka leo na za tairi hutoka mwezi ujao, mtu huona ameokoa. Wengine wamebuni hila. Tairi likiliwa ndani huling'oa katika rimu na kuligeuza, upande uliokwisha ukawa nje na mzima ukawa ndani. Wengine huhamisha la kushoto kulia. Hila hizo hazitibu kitu, zinaongeza siku za ugonjwa tu, kisha matairi yote manne yanakwisha badala ya mawili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa ni wa milimita chache, na ukuta ni seti nzima ya matairi, kama si gari lenyewe na waliomo.

Tena lipo jambo la haki ambalo halizungumzwi. Mara nyingi anayeamuru gari libadilishwe kimo ni mwenye gari, na anayeulizwa kwa nini tairi limekwisha ni dereva. Dereva wa kuajiriwa huambiwa ya kwamba anakanyaga breki vibaya, anakata kona kwa pupa, anapita mashimoni kwa makusudi. Huenda yote hayo ni kweli, lakini tairi lililoliwa ukingo mmoja tu halikuliwa na mguu wa dereva. Limeliwa na uamuzi uliopitishwa gereji, pengine dereva mwenyewe akiwa hayupo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari lililo barabarani, pamoja na sehemu zake zote, taa na tairi zikiwemo, litunzwe katika hali isiyoweza kuhatarisha watumiaji wengine. Dhamana ya hali hiyo haifai kuachiwa mtu mmoja aliyeshika usukani alfajiri, eti kwa sababu ndiye polisi anayemkuta.

Basi tufanyeje? Sipendekezi ya kwamba serikali ipige marufuku kila gari lililobadilishwa kimo. Marufuku ya namna hiyo ingeleta faida kwa wapokeaji wa hongo barabarani tu, na ingemwonea mkulima ambaye njia ya kwake haipitiki kwa gari lililo chini. Napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana.

La kwanza ni la mafundi. Fundi yeyote atakayebadili springi, awe wa gereji kubwa au wa jua kali chini ya mwembe, asihesabu kazi yake imekwisha mpaka magurudumu yamepimwa. Na kazi ifuate utaratibu wake. Kwanza bushi, boljointi na tairodi zikaguliwe, maana kupima gurudumu linalocheza ni sawa na kumpima urefu mtoto anayeruka. Mikono ya chini ambayo bushi zake ni za mpira ilegezwe na kukazwa upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utabaki umejisokota na kupasuka. Kisha gari liendeshwe kidogo ili springi mpya zitulie, upepo wa matairi usawazishwe, na ndipo vipimo vichukuliwe. Gari la mizigo lipimwe likiwa na uzito ulio karibu na ule linaoubeba siku nyingi. Asiye na mashine ya kisasa asijitetee kwa umaskini, kwani mwelekeo unaweza kupimwa kwa kamba iliyovutwa vyema, futi ya chuma na sakafu iliyo sawa. Njia hiyo ni ya kale, na mikononi mwa mtu mwangalifu inatosha kulitambua kosa kubwa, hata kama mashine itahitajika kumalizia.

La pili ni la wenye magari ya abiria. Kanuni za mwaka 2014 ziliwataka wawe katika vyama au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Chama chenye matatu 30 kina matairi 120 barabarani wakati wowote, bila ya kuhesabu ya akiba. Chama kama hicho hakishindwi kufanya mapatano na gereji moja yenye mashine, kila gari lipimwe kwa zamu na kila mara springi zake ziguswapo, na karatasi ya vipimo ihifadhiwe ofisini. Dereva akilaumiwa kwa ajili ya tairi, karatasi hiyo itasema nani mkosaji. Wafanyabiashara wa miraa nao, ambao wana umoja na sauti wanapotetea bei ya jani lao, wautumie umoja huo kuwatetea madereva wao.

La tatu ni la wakaguzi na polisi. Halmashauri ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ina mamlaka ya kukagua magari. Mkaguzi na auinamie ukingo wa ndani wa tairi, aupitishie kidole, aulize kama springi ziliguswa, na kama ziliguswa aitake karatasi ya vipimo. Tunakumbuka jinsi kanuni za waziri John Michuki zilivyoingia Februari 2004, za mikanda na vidhibiti mwendo. Watu walilalamika, matatu zikagoma, lakini baada ya muda mfupi hata makanga mkaidi alikuwa akiwahimiza abiria wafunge mikanda. Kilichofanya kazi hakikuwa ukali wa adhabu peke yake, bali uwazi wa sharti, kwamba kila mtu alijua kinachotafutwa. Kanuni hizo zilipolegezwa katika utekelezaji, tabia za zamani zilirudi. Somo ni kwamba sharti liwe dogo, wazi, na lisichoke.

La nne ni la vyuo vya ufundi. Vijana wetu wanajifunza umekanika katika Meru National Polytechnic na katika vyuo vya kaunti zote mbili. Kijana ambaye leo anakata springi kwa msumeno ana hamu ya kazi ambayo mwalimu yeyote angeililia. Mpeni kipimo, mwonyesheni hesabu ya ile mita 8.7 kwa kila kilomita, aone kwa macho yake jinsi pembe isiyoonekana inavyokula mpira. Wengi wao hawakosi akili, wamekosa mtu wa kuwaambia ya kwamba chini ya gari mna jometri, na kwamba mwenye kuijua jometri hiyo atalipwa vizuri zaidi kuliko mwenye msumeno.

Nawe msomaji, hata kama gari lako halijaguswa springi, usingoje kanuni. Kesho asubuhi kabla ya kuliwasha, geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, ushuke, uchuchumae, uutazame ukingo wa ndani wa kila tairi la mbele, kisha uugeuze upande wa pili. Ni kazi isiyopita dakika tano. Na ukiwa abiria pale stendi ya Embu au Meru, ukaona matatu imelala au imeinuka isivyo kawaida, una haki ya kuinama vilevile kabla ya kulipa nauli. Makanga atakucheka. Mwache acheke. Ukiona waya, ngoja gari la pili, na umwambie kwa sauti sababu ya kungoja, ili na wenzako wasikie.

Kubadili gari ni hiari ya mwenyewe, na hakuna anayemnyima mtu raha ya gari lake wala faida ya mzigo wake. Lakini anayelibadili kimo amebadili ahadi ambayo gari lilikuwa limewapa watu wote wa barabarani, ya kwamba likielekezwa mbele litakwenda mbele. Ahadi hiyo hurudishwa kwa vipimo, na asiyetaka kupima aliache gari lake jinsi lilivyotoka kiwandani.